TAZAMA MKOJO WAKO



Mkulima hodari hukagua pamba yake. Jani likibadilika rangi, anajua mmea una shida. Mwili nao una alama zake. Alama moja ni mkojo.

Mkojo wa mtu mwenye afya una rangi ya manjano hafifu, kama nyasi kavu.

Mkojo ukiwa wa manjano nzito, mara nyingi mwili unadai maji. Hali hii huwapata wanaolima juani na wanaochimba dhahabu mashimoni. Kunywa maji safi ya kutosha.

Mkojo ukiwa wa kahawia, kama chai ya rangi, usingoje. Huenda ini ni gonjwa, au una malaria kali. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Wanaotumia dawa za kifua kikuu huweza kukojoa mkojo wa rangi ya chungwa. Hiyo ni rangi ya dawa. Usiache dawa.

Mkojo ukiwa na damu, huenda ni kichocho. Damu hiyo huonekana hasa mwishoni mwa kukojoa. Wako wanaosema kwamba mvulana akikojoa damu, anakua. Si kweli. Mvulana huyo anaumwa. Wasichana nao hupata kichocho. Usidhani kila damu ni ya hedhi.

Kichocho hupatikanaje? Mgonjwa hukojoa majini. Mayai ya minyoo yaliyomo katika mkojo huanguliwa. Vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo wa majini na kuongezeka humo. Kisha hutoka, hasa wakati wa jua kali, na kupenya ngozi ya mtu. Si lazima uyanywe maji hayo. Kusimama tu katika jaruba la mpunga au kuoga lamboni kunatosha.

Kichocho kisipotibiwa kwa miaka mingi huharibu kibofu na figo. Huweza hata kuleta saratani ya kibofu.

Ndugu zangu wavuvi, ninyi mjihadhari na kichocho cha tumbo. Hicho kipo kando ya Ziwa Viktoria. Damu yake hutoka na kinyesi, na mkojo huweza kuwa safi kabisa.

Dawa ipo. Ni vidonge vya prazikwanteli, na mganga hupima vingapi vinakufaa. Lakini ukirudi katika maji yenye vijidudu, utaugua tena. Kwa hiyo:

1. Usikojoe wala kujisaidia majini. Chimba choo, ukitumie.
2. Vaa gambuti unapofanya kazi jarubani.
3. Maji ya lambo ya kuogea yaweke pipani siku mbili, bila konokono, au yachemshe.

Leo jioni waulize watoto wako mkojo wao una rangi gani. Ukisikia habari ya damu, usiwagombeze. Wapeleke zahanati. Umwambie mganga wazi: "Mtoto anakojoa damu." Hakuna aibu katika maneno hayo. Mganga atajua pa kuanzia.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu, Chato