Koo Likikwaruza, Huenda Kisa ni Tumbo

Tuseme wewe ni mwalimu wa shule ya msingi huko Nyamache, katika milima ya Kisii. Kila asubuhi unaamka sauti imekauka. Darasani unasafisha koo kila baada ya sentensi mbili, na unahisi kana kwamba kuna tonge lililokwama, halimezeki wala halitemeki. Umekunywa tangawizi na asali. Umenunua vidonge vya kuua viini mara tatu. Sasa mama wa nyumbani anauliza, "Baba watoto, kikohozi hiki kitakwisha lini?"

Huenda koo lako halina kosa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingine kinachokula koo ni tumbo.

Tumbo hutoa asidi pamoja na pepsini, kimeng'enya kinachosaga nyama, maharagwe na vyakula vingine vya kujenga mwili. Tumbo lina utando wa kulikinga, lakini koo halina kinga kama hiyo. Vitu hivyo vikipanda hadi kooni, huchokoza nyuzi za sauti. Wengi wanaopatwa na hali hii hawasikii kiungulia kabisa, ndiyo sababu hawalishuku tumbo.

Hapa ndipo mate yanapoweza kutoa ushahidi. Kwa kuwa pepsini hutoka tumboni, ikipatikana katika mate ni dalili kwamba imepanda. Kampuni ya RD Biomed ya Uingereza ilitengeneza kipimo kiitwacho Peptest. Mgonjwa hutema mate kichupani, kwa kawaida anapoamka na tena baada ya chakula au dalili zinapomshika. Mate huzungushwa kwa mashine, kisha matone hutiwa kwenye kipimo kinachofanana na kile cha malaria. Baada ya dakika 15, mistari hutoa jibu. Linganisha na kupitishiwa mrija mwembamba puani hadi kwenye umio na kukaa nao kwa saa 24!

Lakini tusidanganyane. Pepsini huja na kuondoka, kwa hivyo unaweza kupimwa wakati haipo. Tena, hata baadhi ya watu wenye afya huwa nayo katika mate. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kiasi cha kukiamini kipimo hiki. Chukua jibu lake kama msaada, si kama hukumu. Wala si kipimo cha kawaida katika hospitali zetu, basi usikae nyumbani ukikingoja.

Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali ya Nyamache uombe kuelekezwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, omba upimwe kifua kikuu. Huko watataka makohozi kutoka kifuani, si mate ya mdomoni. Na chakula kikianza kukwama, au ukikonda bila sababu, usingoje hata wiki moja. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet, imetibu wagonjwa wengi wa saratani ya umio, wakiwamo vijana wasiofika umri wa miaka 30. Kumeza dawa za asidi kwa miezi bila kuangaliwa kunaweza kukuchelewesha.

Ikithibitika kwamba ni tumbo, mengi huanzia nyumbani. Kula chakula cha jioni saa tatu kabla ya kulala. Ugali na nyama saa nne usiku, kisha moja kwa moja kitandani, ni kujitafutia taabu. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali. Punguza mafuta, acha sigara na pombe.

Mwalimu, sauti yako ndiyo jembe lako. Usiliache likaharibika huku ukinunua vidonge vya kubahatisha.