Darubini ya shule isibaki ndani ya sanduku kwa ajili ya nyota isiyoonekana Kabambare

Wasomaji na wasikilizaji wetu, na hasa ninyi mliofika hapa kutoka Salamabila, kutoka upande wa Fizi na kwingine kwa ajili ya vita, leo siandiki juu ya barabara wala bei ya mchele. Naandika juu ya darubini, ile ya kutazama mwezi na nyota.

Shule moja ya sekondari ya hapa kwetu, sitaitaja jina, ilipewa darubini kama zawadi. Ina miguu mitatu ya chuma, ina fimbo yenye uzito wa kusawazisha kama mawe ya mizani ya sokoni, na ina kitabu cha maelekezo kwa Kifaransa. Sasa imelala kwenye sanduku ofisini. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba chombo ni kibovu, hakishiki nyota. Walimu walifuata kitabu sawasawa. Kitabu kinasema: elekeza ekseli ya chombo kwenye Nyota ya Kaskazini. Walitoka nje usiku, wakatafuta, hawakuiona. Wakarudisha kila kitu ndani.

Chombo si kibovu, na walimu hawana kosa. Nyota ya Kaskazini haionekani Kabambare. Iko chini ya upeo wa macho, upande wa pili wa mviringo wa dunia, na hata babu zetu hawakuiona wakiwa hapa. Mabaharia wa pwani wanaijua kwa jina la Jaa, lakini hata wao huanza kuiona wakishapita ikweta kwenda upande wa Oman. Aliyeandika kile kitabu alikuwa anawaza juu ya mtu wa Paris au Brussels, si mtu wa Maniema.

Maoni yangu ni kwamba darubini ile itolewe nje, iwekwe kwa kufuata mahali tulipo sisi, na watoto waitumie, wa wenyeji pamoja na wa familia zilizohama. Najua kuna watakaosema: watu wanalala chini ya mahema yaliyochanika, wewe unatuletea habari za nyota? Swali hilo ni la haki. Kama mtu angeniuliza pesa ziende kwenye chakula au kwenye darubini, ningejibu chakula bila kufikiri mara mbili. Lakini darubini imekwisha kufika. Haidai mafuta, haidai megabaiti. Kinachokosekana ni maelezo yanayotuhusu, na hayo nitajaribu kuyatoa hapa.

Tuanze na sababu ya ekseli. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zote zinaonekana kutembea kutoka mashariki kwenda magharibi, digrii 15 kila saa. Kwa macho ya kawaida huoni haraka hiyo. Ndani ya darubini unaiona. Upana wa mwezi angani ni kama nusu digrii, na nyota inatembea upana huo kwa dakika mbili tu. Ukiwa umekuza sana, sayari ya Jupita inatoka nje ya kioo kabla ya dakika moja kwisha. Sasa fikiria wanafunzi arobaini kwenye mstari. Wa kwanza anaona Jupita na miezi yake minne, ile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Wa pili anaona giza. Mwalimu anatafuta tena, wa tatu anaona, wa nne anaona giza. Mstari unavunjika na watoto wanasema wamedanganywa.

Ndiyo maana darubini hii ilitengenezwa na kichwa kinachoitwa cha ikweta. Ndani yake kuna ekseli moja ambayo inapaswa kulala sambamba na ekseli ya dunia yenyewe. Ikikaa hivyo, unazungusha kitufe kimoja tu polepole na sayari inabaki mahali pake katikati ya kioo. Mtu wa Paris anainua ekseli yake karibu digrii 49, na inaelekea karibu na ile Nyota ya Kaskazini. Sisi hapa Kabambare tuko digrii 4 na dakika 42 kusini ya ikweta. Kasongo iko digrii 4 na dakika 27, karibu sawa na Kinshasa. Kwetu ekseli inaelekea kusini, siyo kaskazini, nayo inainuka chini kidogo ya digrii 5 tu. Maana yake karibu inalala.

Hapo ndipo matatizo mengine yanaanza. Vichwa vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta na havikubali kushuka mpaka digrii 5. Skrubu inafika mwisho, au ile fimbo ya uzito inagonga mguu wa chuma. Msilazimishe, mtavunja. Dawa yake ni kuinamisha miguu yote mitatu pamoja: weka matofali au ubao imara chini ya upande wa kaskazini mpaka kichwa kiinamie kusini kwa digrii zinazokosekana. Halafu mjaribu kwa mkono kama hakitaanguka kabla ya kupandisha darubini yenyewe. Na kama chombo kina mota, kitufe cha N na S kiwekwe kwenye S. Kikiachwa kwenye N, mota inazungusha upande usiofaa na nyota inakimbia mara mbili zaidi.

Sasa kusini ni wapi? Msitegemee dira ya kwenye simu ikiwa karibu na miguu ya chuma, inadanganywa na chuma. Jua linatosha. Simamisha kijiti kilichonyooka kwenye uwanja wa shule, ukipime kwa uzi wenye jiwe. Asubuhi, tuseme saa tatu, weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha kwa kamba chora mviringo ambao katikati yake ni kijiti na unapita kwenye alama ile. Mchana ngoja kivuli kirudi kugusa mviringo upande wa pili, weka alama nyingine. Mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki na magharibi. Mstari unaoukata sawasawa kama msalaba ni kaskazini na kusini. Upakeni rangi au pangeni mawe, ubaki hapo miaka yote. Msitegemee kivuli cha saa sita kamili, kwa sababu mbili. Kwanza, saa yetu ni ya Lubumbashi na jua la Kabambare haliifuati: katikati ya Februari linafika juu kabisa kama dakika 23 baada ya saa sita, na mwanzoni mwa Novemba linafika kabla ya saa sita. Pili, karibu na tarehe 8 Machi na tarehe 5 Oktoba jua linapita juu ya utosi wetu, na kijiti hakina kivuli cha kupima.

Usiku kuna Msalaba wa Kusini. Wengi wenu mliotembea usiku mnaujua hata kama hamna jina lake: nyota nne kama msalaba, na kando yake nyota mbili zinazowaka sana. Katikati ya Mei kwenye saa tatu usiku, au katikati ya Juni kwenye saa moja, msalaba huo unasimama wima. Chukua urefu wake, uushushe chini mara nne na nusu kuanzia nyota ya mguuni. Unafika mahali ambapo anga lote la kusini linazunguka. Hapo hakuna nyota ya maana. Iliyopo ni hafifu, na kwetu iko chini sana, ndani ya moshi na nyuma ya miti. Haidhuru. Msalaba ukiwa wima, teremsha macho moja kwa moja mpaka ardhini, na hiyo ni kusini. Linganisha na mstari wa mawe uliouweka mchana.

Kwa watoto wa shule hiyo inatosha. Anayetaka usahihi zaidi achague nyota iliyo karibu na utosi, aiweke katikati ya kioo na aifuate kwa kitufe kimoja tu. Ikiteleza kwenda kaskazini au kusini, kichwa hakijaelekea kusini vizuri. Kisogeze kidogo upande mmoja na ujaribu tena. Utelezi ukiongezeka, rudisha upande mwingine. Baadaye fanya hivyohivyo na nyota iliyo chini upande wa mashariki, ila sasa rekebisha mwinuko. Ni kazi ya saa nzima ya subira, na si lazima siku ya kwanza.

Tena nasema jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu kile: kuishi karibu na ikweta ni faida. Kule Ulaya fundi anapaswa kujenga kitu kilichoinama nusu ya kusimama, kwa chuma kizito. Hapa kwetu fundi wa mbao anaweza kutengeneza kichwa chake mwenyewe. Chukua ubao wa meta moja, uulaze kwenye mstari wa kaskazini na kusini, inua mwisho wa kusini sentimeta 8. Basi, hiyo ndiyo digrii yetu. Juu yake funga habu ya kinga, yaani baiskeli, ekseli ikilala sambamba na ubao. Hata ukisahau zile sentimeta 8 na kulaza ubao kabisa, sayari uliyoiweka katikati ya kioo chenye upana wa nusu digrii itakaa ndani kama dakika 12, badala ya dakika moja. Mtu wa Brussels akilaza ubao wake hivyo, hapati kitu. Kinga zinazobeba mawese na mchele kwenye njia ya Kasongo zinatuachia habu nyingi zilizochoka kwa mzigo lakini bado zinazunguka.

Nasema hivi pia kwa sababu ya historia. David Livingstone alifika hapa, alipoandika Bambarre, Septemba 1869, na alikaa kwetu miezi mingi, akiwa na vidonda vya miguu, mpaka alipoondoka kwenda Nyangwe Februari 1871. Alikuwa na sekstanti ya kupima jua na nyota. Latitudo aliweza kuipata kwa anga peke yake. Longitudo inataka saa sahihi, na saa zake za safari zilikuwa zimekufa. Vipimo vilipimwa juu ya udongo huu, vikapelekwa London kuchora ramani za wengine. Miaka zaidi ya 150 baadaye, mtoto wa Kabambare mwenye fimbo na kamba anaweza kujipimia mwenyewe, na sioni sababu ya kumnyima.

Limebaki jambo zito kuliko digrii. Bomba refu juu ya miguu mitatu, usiku, watu wameinama kando yake na taa ndogo: kwa mbali kitu hicho kinafanana na silaha. Katika teritwari yetu, ambako watu wamesikia risasi, hilo si jambo la mzaha. Kuna watoto kwenye familia zilizohama ambao wakisikia mlio juu wanaingia chini ya kitanda. Kwa hiyo mkuu wa shule asitoe darubini nje kabla ya kumwambia mkuu wa mtaa, polisi, na kamanda wa jeshi aliye karibu, kwa barua, na siku yenyewe awaite waje watazame wa kwanza. Ifanyike ndani ya uwanja wa shule, tangu giza linapoingia mpaka saa mbili usiku, wazazi wakiwepo. Mchana ionyeshwe kwanza kwenye makambi na kwa familia zinazopokea wageni, watoto waiguse, waone kwamba ndani ni kioo. Lakini mchana huohuo, mtu yeyote asiielekeze kwenye jua. Jua ndani ya darubini linapofusha jicho mara moja, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Kama usalama hauruhusu usiku, wangojee. Mwezi unaonekana vizuri hata jioni kabla ya giza, siku chache baada ya kuandama, na mashimo yake yanaonekana bila kupanga ekseli yoyote.

Kiangazi kinafaa kuliko masika, ingawa moshi wa kuchoma mashamba unafunika upande wa kusini kuanzia Julai. Mei na Juni ni bora. Prefe akikubali, nitaomba nafasi kwenye kipindi chetu cha jioni tutangaze siku na saa, na mafundi wa mbao wenye ubao wa meta moja wajitokeze.