Watoto wa Nassa wapimwe selimundu mapema

Huku Nassa, wilayani Busega mkoani Simiyu, kando ya Ziwa Victoria, mtoto mwenye vidole vilivyovimba, macho ya manjano na maumivu ya viungo yasiyokwisha bado anaweza kufikishwa kwa mganga kabla ya kupimwa damu. Hapo ndipo bibi kizee wa watu huanza kunyooshewa kidole kuwa ni mchawi. Ni dhuluma, kwani chanzo cha ugonjwa huu, selimundu, kinajulikana: herufi moja tu iliyobadilika katika kinasaba cha himoglobini.

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayekirithi kwa baba na mama ndiye huugua selimundu. Ndiyo maana katika Kanda ya Ziwa, yenye malaria tele, takriban mtu mmoja kati ya watano hukibeba, naye kwa kawaida ni mzima.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba vya mgonjwa. Bei yake Marekani, zaidi ya dola milioni 2, haitafika Busega leo wala kesho. Lakini kipimo cha tone la damu ya kisiginoni, penisilini, chanjo na dawa ya haidroksiyurea vinawezekana. Tunaitaka serikali ipeleke kipimo hicho katika kila zahanati ya Simiyu inayozalisha akina mama, na haidroksiyurea ipatikane kwa bei anayoimudu mkulima hata mwezi Machi, pamba ikiwa bado shambani.