MATANGAZO YA KANISANI NA MARADHI YA KUAMBUKIZA

Hakuna mkaaji wa kijijini asiyejua kwamba siku ya Jumapili, ibada ikikaribia kwisha, husimama mtu mbele ya watu akiwa na karatasi mkononi. Husoma majina ya wanaotaka kufunga ndoa, hutaja zamu ya kufagia kanisa, hueleza nani ni mgonjwa na nani amefiwa, kisha husema sadaka ya juma lililopita ilikuwa kiasi gani. Kwa wakaaji wengi wa Ikungi, mkoani Singida, karatasi ile ndiyo gazeti la juma. Magazeti ya mjini huweza kuchelewa njiani, na simu zenye picha si mali ya kila mzee. Lakini tangazo la kanisani hufika siku hiyo hiyo hata katika nyumba iliyo mbali kabisa na barabara kuu ya Dodoma.

Leo twapenda kusema neno juu ya karatasi hiyo, maana twaamini kwamba wakati wa maradhi ya kuambukiza yaweza kuokoa watu au kuwaponza, kwa kadiri ya yaliyoandikwa ndani yake na ya yaliyoachwa.

Na tukumbuke yaliyopita. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya alilitangazia taifa kwamba mgonjwa wa kwanza wa homa ya korona amepatikana nchini. Siku ya pili yake amri ilitolewa ya kufunga shule. Nyumba za ibada hazikufungwa. Mwezi uliofuata, tangu tarehe 17 hata 19 Aprili, watu wa dini zote waliitwa wafanye maombi ya siku tatu. Katika makanisa mengi ndoo za maji na sabuni ziliwekwa mlangoni, na waumini wakaacha kupeana mikono ya amani. Katika Jimbo la Rulenge-Ngara Askofu Severine Niwemugizi alikwenda mbali zaidi, akasimamisha misa za hadhara kwa muda.

Kuacha milango ya makanisa wazi hakukuwa kuwapunguzia viongozi wa dini mzigo, bali kulikuwa kuwaongezea. Mahali ambapo watu wanaendelea kukusanyika, yule anayewakusanya ndiye mwenye wajibu wa kuwaambia hatari iliyoko. Hapo ndipo wengi wetu tulipojikwaa. Kufikia mwanzo wa Mei 2020 ilikuwa imetangazwa kwamba wagonjwa walikuwa wamefika 509 na waliokufa 21. Na baada ya hapo hesabu haikutolewa tena kwa muda uliozidi mwaka mzima. Watu wakadhani kwamba pasipo hesabu hapana maradhi. Ndoo nyingi mlangoni zikakauka.

Maradhi hayakungoja hesabu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 misiba ilifuatana, na watu wakazoea kusema kwamba marehemu alikuwa na “changamoto ya upumuaji,” jina la kuzungukazunguka ambalo halikumfundisha mtu namna ya kujikinga. Mwezi Januari mwaka huo Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alitoa waraka wa kuwatahadharisha waumini juu ya wimbi jipya. Mwezi Machi Katibu wa Baraza hilo, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili tu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja tu. Yawahusu pia vijiji, makanisa na mataifa. Hata sisi waandishi wa magazeti hatuna budi kuikubali sehemu yetu ya lawama.

Wako wanaosema kwamba kutahadhari ni kupungukiwa na imani. Twawaheshimu kwa uchaji wao, lakini katika hili hatukubaliani nao hata kidogo. Mkulima wa Ikungi huomba mvua kila mwaka, na huomba kwa moyo wake wote; lakini hajapata kukaa kivulini akimngoja Mungu ampalilie alizeti zake. Sala na jembe havijagombana shambani. Kwa nini basi sala na sabuni zigombane kanisani?

Isitoshe, kanisa wilayani humo si mgeni wa kazi ya uganga. Hospitali ya Makiungu ilianzishwa na masista mwaka 1954, kabla ya uhuru wetu, na mama wengi wamejifungulia pale. Walutheri wa Dayosisi ya Kati nao wana historia ndefu ya hospitali katika mkoa huo. Kwa hiyo padre au mchungaji anayetaka kujua ukweli wa ugonjwa hana haja ya kusikiliza uvumi wa sokoni. Amwite mganga au mwuguzi, asimame mbele ya watu, aseme.

Tena kanisa lina hazina nyingine isiyonunuliwa kwa fedha, nayo ni jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walizipa nafasi ya kwanza katika kazi yao tangu mwaka 1976. Nyumba chache za jirani husali pamoja, hujuana kwa majina, na hujua nani hakuonekana kisimani leo. Hakuna ofisi yoyote iwezayo kupata habari upesi kuliko mama mwenyekiti wa jumuiya. Wazee wa kanisa katika mitaa ya Walutheri hufanya kazi iyo hiyo.

Basi twashauri mambo machache. Kwanza, habari za maradhi zisomwe kwa jina lake halisi, kwa Kiswahili na kisha kwa Kinyaturu, ili bibi kizee naye aelewe. Pili, sehemu ya sadaka itengwe kwa ajili ya maji na sabuni, kwa maana Ikungi ni nchi kavu, na kumwambia mtu anawe bila ya kumpa maji ni kumdhihaki. Tatu, kila jumuiya ichague watu wawili wa kumhudumia mgonjwa aliyetengwa: wamfikishie unga na kuni mlangoni, na wasimame mbali wakizungumza naye, ili asidhani kwamba ametupwa. Nne, misiba ifupishwe kwa mapatano yaliyofanywa mapema, kwa sababu hakuna awezaye kumwambia mfiwa arudishe wageni wakati machozi yanamtoka. Tano, chanjo ikija, kiongozi wa dini aieleze kama alivyoelezwa na waganga, wala asiongeze hofu yake mwenyewe. Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021 alionyesha kwamba mfano hushinda hotuba. Na mfano wa mchungaji kijijini si mdogo.

Huenda mtu akauliza, ya nini kuyasema haya sasa, hali Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya hatari ya korona imekwisha? Twamjibu kwamba mwezi Machi mwaka huo huo ugonjwa wa Marburg ulizuka katika Mkoa wa Kagera, na Januari 2025 ukazuka tena huko huko. Maradhi mapya hayapigi hodi. Atakayeanza kutafuta ndoo siku mgonjwa atakapopatikana atakuwa amechelewa.

Haya twayasema kwa makanisa, lakini maimamu nao wanayo nafasi ya namna hiyo hiyo siku ya Ijumaa, na twawasihi waitumie. Serikali ina waganga na dawa. Viongozi wa dini wana masikio ya watu. Jambo moja bila ya jingine ni kazi nusu.

Jumapili ijayo mtu atasimama tena mbele ya watu wa Ikungi akiwa na karatasi yake. Tungefurahi kama, kati ya majina ya wachumba na zamu ya kufagia, angewauliza wenzake swali moja: ugonjwa ukija kesho, nani atapeleka maji, na kwa nani?