Mgonjwa naye apewe pazia kwenye simu

Wagonjwa wengi wanaofika kwangu siku hizi huwa wameiuliza simu kuhusu maradhi yao kabla ya kuniuliza mimi. Silalamiki. Mtu aliyesoma dalili zake, hata kama amesoma nusu, aghalabu huja mapema kuliko yule aliyekaa nyumbani akinywa maji ya mwarobaini. Wanaonitia wasiwasi ni wale wanaoogopa hata kuuliza, kwa kuwa simu si yao peke yao.

Katika nyumba zetu za mjini simu moja huwa na wenyewe wengi. Watoto huichezea, mume huitafutia matokeo ya kandanda, shemeji huiazima. Mtoto akiandika herufi tatu tu, "dal", simu humkamilishia: "dalili za kisonono". Nyumba huwaka moto kabla mama hajaonana na daktari, na huenda shida yake ilikuwa maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo.

Kinga ya aibu hii ipo, na haina gharama. Programu za kusomea intaneti, yaani vivinjari kama Chrome, Firefox na Safari, zina dirisha la faragha. Safari ilianza nalo mwaka wa 2005, Chrome ikafuata 2008. Kwenye Chrome bonyeza vidoti vitatu vilivyo pembeni, nawe utaliona kwa jina la Incognito. Ukisomea humo, kivinjari hakiweki orodha ya kurasa ulizofungua wala maneno uliyotafuta. Alama ndogo ambazo tovuti huacha ili zikutambue ukirudi nazo hufutwa, mradi ufunge madirisha yote ya faragha ukimaliza. Wengi husahau hilo la kufunga.

Wapo wasemao kwamba dirisha hili ni la wazinzi na watazamaji wa picha chafu. Mimi sikubaliani nao. Kitanda cha hospitali kina pazia, wala hakuna amwulizaye mgonjwa anaficha nini. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2019 kuhusu ulinzi wa data huhesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa zile nyeti zaidi. Iweje basi msichana anayetaka kujua kuhusu vidonge vya kupanga uzazi, au baba aliyeanza kupungukiwa na nguvu za kiume, aonekane mwovu kwa kusoma kwa siri?

Hata hivyo, pazia si ukuta. Dirisha hilo humzuia anayeishika simu baada yako. Halimzuii aliye upande wa pili. Tovuti unayoifungua hukuona. Kampuni inayokuuzia intaneti yaweza kujua umetembelea tovuti gani, na mwajiri mwenye mtandao wa ofisi vilevile. Ukiingia katika akaunti yako, umejitambulisha mwenyewe. Mnamo 2020 Google ilishtakiwa nchini Marekani kwa madai kwamba ilikusanya habari za watu hata walipotumia Incognito. Katika mapatano yaliyowasilishwa mahakamani Aprili 2024, ilikubali kuharibu mabilioni ya rekodi. Kwa hivyo ugonjwa usiotaka mkubwa wako kazini aujue, usiutafute kwenye kompyuta ya kazi, dirisha liwe la faragha au la.

Na hapa nina neno kwa wenzangu. Tumefundishwa kutunza siri ya mgonjwa, kisha tunamtumia majibu ya maabara kwa barua pepe bila kumwambia pa kuyafungulia. Huyo huenda saiba, akayapakua, akayachapisha, akaondoka. Faili iliyopakuliwa haifutwi na dirisha la faragha. Hubaki kwenye kompyuta ikimngojea mteja afuataye. Mgonjwa aambiwe aifute kabla ya kuinuka, au tumpe karatasi mkononi kama zamani. Ujumbe wa M-Pesa wenye jina la kliniki pia haujifuti, na nimeona ndoa ikitikiswa na ujumbe huo kuliko na ugonjwa wenyewe.

Yako mambo ambayo hayangoji kusomwa. Aliyelazimishwa kimapenzi, au aliyepasukiwa na kondomu bila kujua hali ya mwenzake, anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72, na kila saa ipitayo hupunguza nguvu ya kinga hiyo. Dawa zenyewe humezwa kwa siku 28. Huyo akikosa simu ya kusomea kwa siri, asisubiri watu walale ndipo aitafute. Aende hospitali yenye idara ya dharura usiku huohuo, aseme anataka PEP. Si lazima aeleze zaidi pale kwenye meza ya mapokezi. Mengine atamwambia daktari, mlango ukiwa umefungwa.