Shamba Lililojengwa kwa Mshahara

Kila Desemba, barabara ya Mombasa inapojaa magari ya watu wanaokwenda kwao, huzuka tena mazungumzo ya kurudi shambani. Nairobi imechosha, kodi ya nyumba haishikiki, afadhali ekari tatu za Kasikeu, Makueni, mbuzi wachache, maembe na maisha yasiyo na makuu. Tatizo ni kwamba Desemba ni mwezi mdanganyifu Ukambani. Mvua za Novemba huwa zimeshaifanya Makueni kijani, na mbaazi zimesimama. Atakayefika Septemba ataikuta nchi nyingine. Lakini si ukame pekee unaoivunja ndoto hii. Shamba lenye maisha mepesi halikuwahi kuwako huku, na kulisifu hivyo kunaficha nani huligharamia.

Tazama matuta ya kuzuia mmomonyoko. Katika miaka ya 1930, Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos, maafisa wa kikoloni waliiona wilaya hiyo kuwa inaelekea jangwani kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kinyume: watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa, na udongo ukahifadhiwa vizuri zaidi. Wapenzi wa shamba wana haki ya kujivunia habari hiyo, ila waulize pia pesa za matuta hayo zilitoka wapi. Sehemu kubwa ilitoka nje ya shamba, katika mishahara iliyotumwa nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa. Jasho lilikuwa la vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wengi wao wanawake, waliochimba mitaro ya fanya juu kwa jembe na sepetu, udongo ukirushwa upande wa mlimani. Mji na shamba vilikuwa mfuko mmoja tangu hapo.

Hata chakula safi cha nyumbani kina historia yake. Mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini katika mahindi na 125 kati yao wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Mengi ya mahindi yaliyowadhuru yalikuwa yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Walichokosa ni mahali pakavu pa kuyaweka na njia ya kuyapima. Maji nayo hukaa katika mchanga wa mito ya msimu, ambako akina mama hufukua visima na kujaza mitungi kata kwa kata. Mchanga huohuo hupakiwa kwenye malori kwenda kujenga maghorofa, hata kaunti ya Makueni ikalazimika kutunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Pengine anayeitamani Kasikeu akiwa ghorofa ya nne amezungukwa na kuta za mchanga wa kwao.

Wapo watakaosema kwamba kuna wanaofanikiwa, na kwamba maneno haya yanamdharau mkulima. Wanaofanikiwa wapo, lakini ukichunguza utakuta mara nyingi pensheni, kisima kirefu cha mashine au mshahara wa mke aliyeajiriwa. Hicho ni kilimo chenye mtaji, na sina ugomvi nacho. Kuhusu dharau, naona ni kinyume. Kazi inayoitwa rahisi hulipwa rahisi. Ndengu huchumwa kwa mkono, ganda moja moja, tena kwa zamu kadhaa kwa kuwa haziivi pamoja, kisha huanikwa turubaini, hupigwa kwa fimbo na kupepetwa. Huwa tayari Januari na Februari, shule zimeshafunguliwa na karo inadaiwa, na dalali anajua hivyo.

Viongozi wanaohimiza vijana warudi shambani huanzia mahali pasipofaa. Kijana wa Kasikeu asiyetaka kulima si mvivu. Ameona hesabu hiyo ya karo na dalali tangu utotoni, na hati ya shamba mara nyingi ina jina la babu aliyekwisha kufa, kwa hiyo benki haiwezi kumkopesha. Wangeanza na urithi huo usiogawanywa, na ghala ambamo ndengu zingengoja bei ya Juni.