Sindano Moja Haiponyi Homa ya Kupe

Mbwa wako anatokwa damu puani. Jana aligoma kula, juzi alishinda amejikunyata chini ya gari. Nawe ssebo, wewe wa Muyenga, wewe wa Ntinda, umefanya nini? Umemwita kijana wa duka la dawa za mifugo. Amekuja na bodaboda, amedunga sindano moja, amelipwa, amekwenda zake. Nawe umerudi kulala. Mpaka lini?

Sindano moja haiponyi ehrlichia, bakteria wanaoleta homa ya kupe! Bakteria hawa hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, na dawa yao inajulikana: doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo ya mbwa, kila siku, kwa siku 28. Siku 28! Si tatu, si tano.

Tatizo ni kwamba siku ya pili au ya tatu mbwa anaamka, anakula, anabweka getini. Hapo ndipo tunapojidanganya. Tunaacha dawa. Miezi inapita, hata miaka, kumbe ugonjwa umo mwilini. Ukirudi unashambulia uboho, kiwanda chenyewe cha damu. Fizi zinakuwa nyeupe, kidonda kidogo damu haikatiki. Daktari gani atamrudisha huyo?

Na huyo mdungaji, alipima nini? Babesia nayo huletwa na kupe, nayo huleta homa, lakini si bakteria, na dawa yake ni nyingine. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Makerere wanafundisha madaktari wa mifugo hapo hapo mjini, sisi tunabahatisha! Rahisi ghali, jamani.

Halafu banda. Unamwogesha mbwa dawa ya kupe, unamrudisha kwenye kupe wale wale. Kupe wa kahawia huishi muda mwingi nje ya mwili wa mbwa, kwenye nyufa za ukuta, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Chukua tochi usiku huu, mulika pembe za banda, juu karibu na bati. Utawaona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tena utachimba na kaburi.

Mnyama huyu anakesha ili wewe ulale. Mpeleke kesho apimwe damu. Daktari akiandika siku 28, nunua dozi yote, mpe yote, hata akiruka na kucheza siku ya nne.